WAFU WASIOANDIKWA

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa wanachama wa Homa Bay na Migori)



Tumepewa nafasi hii baada ya habari za mishahara kwisha, nasi twaomba mtuvumilie kidogo. Twajua wako wanaonong'ona huko nyuma wakiuliza: chama cha wafanyi kazi chatafuta nini katika habari za vita? Vita ni shauri la majenerali na mawaziri. Shauri letu ni mshahara, saa za kazi na fidia ya aliyeumia.

Jibu letu ni hili. Vita navyo vina vibarua wake, vina mishahara yake isiyolipwa, na vina wafu wake ambao hakuna tajiri aliyekubali kuwa walikuwa watu wake. Kama hayo si mambo ya chama, basi hatujui chama ni kitu gani.

Tena si sisi tulioanzisha neno hili. Mtakumbuka mkutano uliopita tulipozungumza juu ya mfuko wa mazishi. Tulikata shauri kwamba asiyeandikwa katika daftari la tawi hawezi kulipiwa. Mzee mmoja wa upande wa Karungu akasimama, akasema: "Shauri hilo ni zuri. Lakini baba yake babu yangu aliandikwa. Alifungwa nambari ya chuma shingoni, akaenda Kariakoo, hakurudi. Ninyi mnaojua madaftari, niambieni, yeye yumo katika daftari gani?"

Hapana aliyemjibu. Mwenyekiti alipiga meza, tukaendelea na ajenda. Mazungumzo haya ya leo ndiyo jibu tunalomletea yule mzee, tena kwa kuchelewa.

VITA VILIVYOFIKA KARUNGU

Wakati ule Migori na Homa Bay hazikuwa kaunti mbili. Pamoja na nchi ya Wakisii zilikuwa wilaya moja iliyoitwa South Kavirondo, na bwana wilaya alikaa Kisii. Watu wa wilaya hiyo walikuwa wamekwisha kuionja bunduki ya Serikali ya kikoloni. Mwaka 1905, na tena mwaka 1908, askari walipelekwa kuwaadhibu Wakisii. Telegramu za mwaka 1908 zilipofika London zikieleza idadi ya waliouawa, Winston Churchill, ambaye siku zile alikuwa naibu katika Wizara ya Makoloni, aliandika akiuliza kama kweli ilikuwa lazima kuendelea kuua watu wasio na kinga kwa wingi namna ile. Churchill hakuwa adui wa dola ya Kiingereza, hilo twalijua sote. Lakini hata yeye alishtuka. Alishtuka kwa sababu hesabu iliandikwa, naye akaisoma. Neno hilo mlishike, maana tutalirudia.

Mwezi wa Agosti 1914 Uingereza na Ujerumani zikaanza kupigana huko Ulaya. Hapana mvuvi wa Mfangano wala mkulima wa Suna aliyeulizwa maoni yake. Mwezi wa Septemba Wadachi, ndivyo wazee walivyowaita Wajerumani, wakavuka mpaka, wakapita katika nchi ambayo leo ni Kaunti ya Migori, wakaingia Kisii. Tarehe 12 Septemba 1914 majeshi mawili yakapigana pale Kisii. Siku hizo hizo katika Ziwa, chombo cha Wajerumani kilichoitwa Muansa kiliifyatulia mizinga meli ya Waingereza, Winifred, mbele ya Karungu.

Wajerumani wakarudi kwao. Kapteni wa Kiingereza aliyeuawa siku ile jina lake limo vitabuni hata leo. Lakini wenyeji je? Serikali ilikuwa imeliacha boma, na wako watu walioingia wakachukua vitu vya boma na vya misheni. Serikali iliporejea ilitoa adhabu: nyumba zikachomwa, ng'ombe wakaswagwa. Wageni wawili walipigana katika uwanja wa mtu, na faini akalipa mwenye uwanja.

MPAGAZI NA MSHAHARA WAKE

Huo ulikuwa mwanzo tu. Vita vya Afrika Mashariki vilikwenda miaka 4, kutoka mpaka wetu hadi Rufiji, na kutoka Rufiji hadi nchi ya Wareno, ambayo leo ni Msumbiji. Barabara za magari zilikuwa chache sana. Ng'ombe, punda na farasi walikufa kwa mbung'o. Kwa hiyo risasi, unga, sanduku la dawa, hata kitanda cha afisa, vyote vilibebwa kichwani na mtu. Mtu huyo ndiye mpagazi wa Carrier Corps, jina ambalo midomo yetu ililigeuza likawa Kariakoo.

Mpagazi hakuwa askari. Hakupewa bunduki, wala hakufundishwa vita. Alikuwa raia aliyetolewa shambani mwake. Mwaka 1915 ilitungwa sheria ya kuruhusu watu wachukuliwe kwa nguvu. Mwaka 1917, vita vilipozidi kula watu, Serikali ilimpa kazi ya kukusanya wapagazi John Ainsworth, ambaye kwa miaka mingi alikuwa mkuu wa Jimbo la Nyanza na aliwajua machifu wote. Bwana wilaya alipewa idadi, naye akampa chifu, chifu akawapa wazee wa milango, na usiku askari wa chifu wakazunguka vijijini. Hapana jimbo lililotoa watu wengi kuliko Nyanza.

Sasa sikilizeni habari ya mshahara, ninyi mnaojua kupigania mshahara. Mwanzoni wapagazi walilipwa rupia 10 kwa mwezi. Vita vilipoendelea malipo yalipunguzwa yakawa rupia 5, na baada ya miezi 3 rupia 6. Kazi ilizidi, hatari ilizidi, mshahara ukashuka. Masetla walikuwa wakilipa kidogo mashambani mwao, na wakubwa hawakutaka vita viwaharibie bei ya kibarua.

Na chakula je? Mtu wa Karachuonyo au wa Kadem alizoea mtama, wimbi na samaki. Kule alipewa unga wa mahindi asiouzoea, tena aupike mwenyewe usiku baada ya kutembea mchana kutwa na mzigo wa ratili 50 au 60, na kuni mbichi, na sufuria moja kwa watu wengi. Unga haukuiva. Tumbo likaharibika, likawa kuhara damu. Aliyepona tumbo akakutana na malaria, na aliyepona malaria akakutana na kichomi katika mvua za Rufiji mwaka 1917. Wengi sana hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa unga mbichi, kwa baridi na kwa kuchoka.

Hesabu yenyewe ndiyo hii, nayo mpaka leo si kamili. Watu waliochukuliwa katika nchi iliyokuja kuitwa Kenya walizidi 160,000. Vitabu vya Serikali vya wakati ule vilikubali vifo zaidi ya 40,000 vya wapagazi. Wataalamu wa historia waliochungua baadaye wasema kwamba wapagazi waliokufa upande wa Waingereza, wa nchi zote pamoja, walifika kama 95,000 au zaidi. Wanajeshi wa upande huo huo waliokufa walikuwa kama 11,000. Yaani vita vile viliua wabeba mizigo kuliko wabeba bunduki, na kuwazidi mara nyingi.

DAFTARI LILIVYOFUNGWA

Yule mzee wa Karungu aliuliza: yumo katika daftari gani? Ndugu, madaftari yalikuwako. Oscar Watkins, aliyesimamia wapagazi, alijitahidi kuweka nambari, alama za vidole na hesabu ya mishahara. Vita vilipokwisha aliwashikilia wakubwa wake kwamba fedha za waliokufa zilipwe kwa jamaa zao. Lakini majina mengi yalikuwa yameandikwa vibaya. Mtu aliandikwa jina la utani, au jina la chifu wake, au kabila tu. Wakubwa wakasema wenye haki hawajulikani. Serikali ya Nairobi na hazina ya London wakashindana miaka na miaka juu ya fedha hizo, na mjane aliyekuwa akingoja Gwassi au Kanyamkago hakuziona.

Lakini wakubwa hao hao hawakushindwa kuandika pale walipotaka. Baada ya vita, alama za vidole zilizotumika kwa wapagazi zikawa mfano wa kipande, na kuanzia mwaka 1919 na 1920 kila mwanamume Mwafrika wa Kenya alitakiwa kutembea na kipande chake shingoni, tajiri amjue asikimbie kazi. Jina lililokuwa gumu kuliandika ili mjane alipwe lilikuwa rahisi kuliandika ili mtu akamatwe. Hayo twayataja bila hasira, ili kila mtu ajionee kwamba kutohesabu si kushindwa. Ni uamuzi.

Na makaburi nayo yalikuwa na uamuzi. Wakubwa wa baada ya vita walikubaliana kwamba askari wa Kizungu awekewe jiwe lenye jina lake, lakini mpagazi Mwafrika haina haja. Makaburi ya wapagazi yakaachwa yarudi pori. Badala yake zikasimamishwa sanamu. Mkifika Nairobi, barabara ya Kenyatta, mtaiona ya kwetu: watu watatu wa shaba, na mmoja wao ni mpagazi. Ni sanamu nzuri. Lakini zunguka pande zote, hutaona jina la mpagazi hata mmoja.

Ilichukua zaidi ya miaka 100. Mwezi wa Aprili 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti yake yenyewe, ikakiri na kuomba radhi. Ilisema kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine kufika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa, na wengi wao ni watu wa Afrika Mashariki na Misri. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza naye akaomba radhi Bungeni kwao. Twashukuru kwa radhi hiyo. Lakini tazameni hizo namba mbili, 116,000 na 350,000. Katikati yake kuna watu 234,000 ambao hapana ajuaye kama walikufa au hawakufa. Kama mweka hazina wa tawi hili angeleta hesabu ya namna hiyo ya shilingi zetu, tungemfukuza siku hiyo hiyo.

Kwetu sisi jambo hili lina uchungu wake wa pekee. Mjaluo asiporudi, na maiti isipopatikana, jamaa huzika tunda la mti wa yago mahali pake, ili pawe na kaburi, na watu walie, na mambo ya mji yaendelee. Makabila mengine tulio nao humu nayo yana desturi zake kwa aliyepotea mbali. Maana yake ni moja: mtu hafi kihalali mpaka wenzake wakubali kwamba alikuwako. Kijiji maskini cha Nyatike kiliweza kumpa mtu wake tunda la yago. Dola iliyotawala robo ya dunia haikuweza kumpa mstari mmoja wa maandishi.

"NYASI HUUMIA"

Tunayo methali ambayo kila mtu huitaja ikizungumzwa habari hii: wapiganapo tembo, nyasi huumia. Ni ya kweli, lakini yafaa tuitazame vizuri, maana imekuwa mto wa kulalia. Msemaji huitaja, wasikilizaji hutikisa kichwa, kisha watu wote hurudi nyumbani wamepoa, kana kwamba kuumia kwa nyasi ni kama mvua na jua, hakuna wa kuulizwa.

Sisi twasema, raia si nyasi. Nyasi hukanyagwa leo, na mvua ikinyesha zaota tena zile zile. Mtu hachipuki. Tena tembo hana akili ya kuona anakanyaga nini, lakini jenerali ana ramani, ana darubini, na siku hizi ana ndege inayoona hata ndoo ya maji mlangoni mwa mtu. Hawezi kujificha katika ngozi ya tembo.

Wako watakaotujibu kwamba vita vingine ni vya haki. Hatukatai. Nchi ikivamiwa ina haki ya kujikinga, na mwizi wa watu lazima azuiwe. Lakini hata kazi ya haki ina sheria ya kazi. Mkataba wa nne wa Geneva wa mwaka 1949, na nyongeza yake ya mwaka 1977, wasema wazi: raia asilengwe, mpiganaji na asiye mpiganaji watengwe, na shambulio lisifanywe ikiwa madhara yake kwa raia yatapita kiasi kuliko faida ya kijeshi inayotazamiwa. Huo ndio mkataba wa pamoja wa vita, kama ule tuutiao sahihi na matajiri. Nanyi mwajua mkataba ukishatiwa sahihi huwaje. Pasipokuwa na mtu wa kusimama pale kazini na kuandika kila unapovunjwa, hubaki karatasi.

Tazameni mfano mdogo. Lori la miwa likimwua mfanyi kazi pale Awendo, Sheria ya Fidia ya Majeruhi Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri aarifu kifo hicho bila kukawia. Jina liandikwe, saa iandikwe, sababu iandikwe. Hata tajiri mkorofi aogopa, si kwa sababu ana huruma, bali kwa sababu kitabu kipo. Lakini serikali ikimwua mtu nyumbani kwake katika nchi ya watu wengine, mara nyingi hapana fomu, wala saa, wala jina. Hutangazwa kwamba "magaidi kadhaa wameuawa", basi. Kifo ambacho hakimgharimu mwuaji hata karatasi moja ni kifo rahisi, na kitu rahisi hununuliwa kwa wingi.

AGOSTI 1998

Hatuna haja ya kwenda mbali. Ijumaa tarehe 7 Agosti 1998 bomu lililipuka penye ubalozi wa Marekani Nairobi. Katika dakika zile zile jingine lililipuka Dar es Salaam. Nairobi walikufa watu 213, Dar es Salaam 11. Ugomvi ulikuwa baina ya al-Qaeda na Marekani. Lakini Wamarekani waliokufa Nairobi walikuwa 12. Waliobaki walikuwa watu wetu: makarani, wapiga chapa, wanafunzi wa kazi za ofisi katika jumba la Ufundi lililoanguka, wachuuzi, abiria wa mabasi. Ilikuwa siku ya kazi, saa 4 na nusu asubuhi. Waliuawa wakiwa kazini.

Waliotega bomu walisema wanapigana na dola kubwa. Hakuna udhuru wa kisiasa unaoweza kuosha jambo hilo. Aliyetazama jumba la makarani, akasema hao ni wa kupita tu, amewafanya watu kuwa nyasi, nasi twamlaani bila kunong'ona.

Sasa sikilizeni na upande wa pili, maana haki haina upande. Baada ya siku 13, tarehe 20 Agosti 1998, Marekani ilipiga kwa makombora kiwanda cha dawa cha al-Shifa, Khartoum Kaskazini, katika Sudan. Marekani ilisema kiwanda kilikuwa na mambo ya silaha za sumu. Ushahidi huo ulitiliwa shaka na watu wengi, hata Marekani kwenyewe, na Sudan ilikanusha. Jambo lisilo na shaka ni kwamba kiwanda kile kilitengeneza dawa za watu na za mifugo, kwamba kilibomoka, na kwamba aliyeuawa ni mlinzi wa usiku.

Ndugu, humu ndani wamo walinzi wa usiku. Mmoja yuko pale mlangoni, amekuja na rungu lake, akitoka hapa aenda zamu. Twamwomba kila mmoja amtazame. Waliouawa Nairobi waliuawa na watu walioikasirikia Marekani. Yule wa Khartoum aliuawa na Marekani iliyokasirika kwa ajili ya Nairobi. Karani wa Nairobi na mlinzi wa Khartoum hawakugombana hata siku moja. Kama wangekutana, wangeulizana habari za mishahara.

Iko tofauti moja. Pale penye bomu la Nairobi pamefanywa bustani ya kumbukumbu, na ukutani majina ya waliokufa yameandikwa. Mtoto aweza kuweka kidole juu ya jina la mama yake. Hilo ni jambo dogo, nalo ni kubwa. Ndilo wapagazi walilonyimwa.

NA SISI JE?

Tungeweza kuishia hapo, mkapiga makofi, tukaenda kunywa chai. Tungekuwa tumewalaani Waingereza, Wajerumani, al-Qaeda na Marekani, nasi wenyewe tukabaki safi. Lakini chama kinachohesabu makosa ya tajiri na kuficha ya viongozi wake si chama. Kwa hiyo tuseme na letu.

Mwezi wa Oktoba 2011 jeshi la Kenya liliingia Somalia. Watu walikuwa wametekwa nyara upande wa Lamu na kambini Dadaab, na Serikali ilisema imekwenda kulinda nchi. Huenda ilikuwa lazima. Hilo wananchi wabishane kwa adabu. Tarehe 30 Oktoba 2011, ndege za vita zilishambulia mji wa Jilib, na kambi ya watu waliokimbia njaa ikapigwa. Madaktari Wasio na Mipaka, waliokuwa pale, walisema walipokea wafu 5 na majeruhi 45, na wengi wa majeruhi walikuwa watoto. Jeshi letu lilisema lililenga al-Shabaab, likakana kuwaua raia. Maneno hayo mawili yakabaki yakitazamana. Ni wangapi kati yetu tuliouliza? Siku ile tulikuwa tukisikiliza redio, na wengi tulifurahi kwamba ndege zetu nazo zaweza kuruka.

Kisha machozi yakaja kwetu pia. Tarehe 21 Septemba 2013 al-Shabaab waliingia Westgate, Nairobi, na watu 67 wakauawa. Tarehe 2 Aprili 2015 waliingia Chuo Kikuu cha Garissa, wakaua watu 148, na karibu wote walikuwa wanafunzi. Tulilia, na ilikuwa haki yetu kulia, na waliofanya vile hawana udhuru mbele ya Mungu wala mbele ya watu. Tuliposikia hesabu ya Garissa ikipanda, tulikasirika ilipokosewa. Tulitaka kila mtoto atajwe kwa jina lake. Vizuri. Lakini mama wa Jilib naye alitaka vivyo hivyo, na jina la mtoto wake hatulijui, wala hatukuliuliza.

Hatusemi haya kuwatukana askari wetu. Askari ni mtoto wa mfanyi kazi, wengine ni watoto wa watu waliomo humu. Naye ana haki ya kuhesabiwa: kambi ya El Adde iliposhambuliwa Januari 2016, Serikali haikutangaza hesabu kamili ya vijana wetu waliokufa. Mnaona jinsi desturi ile inavyotembea? Yaanza kwa kutomhesabu mgeni, yaendelea hadi kutomhesabu raia, na mwisho hata askari mwenyewe aliyetumwa haandikwi. Walewale waliotuacha bila majina mwaka 1917 walitufundisha somo baya. Ubaya utakuwa wetu tukilijua na bado tukalifuata.

Gharama ya kuua raia, basi, ni nini? Wengi husema ni chuki izaayo vita vingine, na ni kweli. Lakini iko gharama ya mbele ya hiyo, ambayo hulipwa hata kama kisasi hakiji. Mtu akikubali mara moja kwamba wako watu ambao kufa kwao hakuna haja ya kuandikwa, amekubali kwamba kuna watu ambao kuishi kwao si kitu. Aliyekubali hivyo juu ya Msomali, kesho atakubali juu ya kibarua wa mgodi wa Migori aliyefunikwa na udongo usiku, na mvuvi aliyezama nje ya Remba. Sisi wenyewe tumo katika orodha ya watu rahisi. Kwa hiyo hatuwezi kukaa kimya orodha hiyo inapoandikwa.

TUFANYE NINI

Hatuna ndege wala balozi. Tuna madaftari na kalamu, na hizo ndizo silaha ambazo chama hiki kilijengwa nazo. Twaleta mambo matatu mbele ya mkutano.

La kwanza, kila tawi lifungue daftari la Kariakoo. Kila mwanachama aende kwa wazee wa kwao, aulize nani alichukuliwa, jina lake, jina la babaye, mlango wake, alirudi au hakurudi. Wazee waliosikia habari hizo kwa wazazi wao wanapungua kila mwaka. Nakala moja ibaki tawini, moja ipelekwe kaunti, moja Hifadhi ya Taifa Nairobi, na moja ipelekwe kwa ile Tume iliyoomba radhi, ili radhi ipate majina ya kufanyia kazi.

La pili, wabunge wetu wa Homa Bay na Migori waandikiwe barua, waulize Bungeni kila mara majeshi au polisi wetu wanapopelekwa nchi za nje: wakati wa kazi hiyo, nani ataandika raia waliouawa, kwa kitabu gani, na jamaa zao wataleta malalamiko wapi? Hatuombi siri za vita. Twaomba lile ambalo sheria yamtaka hata mwenye kiwanda.

La tatu ni letu wenyewe, na halihitaji barua. Mtu akisema mbele yako kwamba "hao si raia, hao ni magaidi wote", au "hao ni Wamarekani, acha wafe", muulize: wewe umewahesabu? Wajua majina yao? Kama hujui, nyamaza kwanza. Huo ni mwanzo wa adabu.

Ndugu, dawa ya deni ni kulipa, lakini hapana alipaye deni ambalo halikuandikwa. Tumejua hivyo katika mishahara. Tujue hivyo katika damu.

Na wewe mzee wa Karungu, umetuuliza yule babu yumo katika daftari gani. Jibu la kweli ni kwamba hayumo. Lakini daftari jipya liko hapa mezani, karani ana kalamu, na ukurasa wa kwanza uko wazi. Njoo mbele, utuambie jina lake.

Umoja ni nguvu.